Mlinganyo wa mstari mnyoofu: tuanzie kwenye ngazi za Bukavu

Hapa Bukavu, mji wetu wa vilima kando ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, hakuna anayehitaji kuelezwa mteremko ni nini. Ukitoka ziwani ukapanda hadi Kadutu na mzigo kichwani, miguu yenyewe inakueleza. Ndiyo maana watoto wanaokuja kwangu alasiri kurudia hesabu siwaanzishii ubaoni. Nawatoa nje, kwenye ngazi za saruji zinazoshuka kati ya nyumba yetu na ya jirani, nampa mmoja rula na kumwambia apime kipandio kimoja: kimo chake sentimita ngapi, na pale pa kukanyagia sentimita ngapi?

Kipandio chetu kina sentimita 15 kwenda juu na 30 kwenda mbele. Ukipanda viwili, umepanda 30 na kwenda mbele 60. Ukipanda kumi, umepanda 150 na kwenda mbele 300. Sasa gawanya kupanda kwa kwenda mbele: 15 kwa 30, 30 kwa 60, 150 kwa 300. Kila mara unapata 0.5. Mstari mnyoofu ni hivyo tu: ni ngazi ya fundi asiyebadilisha kipimo njiani. (Kipandio chetu cha chini kabisa fundi alikikosea, kimezidi wenzake kwa vidole viwili, na kila mgeni anajikwaa hapo hapo. Ukihesabu na hicho, mstari umevunjika.)

Mtoto akishaelewa hilo, yaliyobaki ni kuandika.

Maswali mawili kabla ya kanuni yoyote

Mlinganyo wa mstari tunauandika hivi:

y = ax + b

Herufi a ni mteremko, yaani ukisogea hatua moja kulia, y inaongezeka kwa kiasi gani. Herufi b ni kikatio, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y, x ikiwa 0. Kwa lugha ya ngazi: kila hatua inapanda ngapi, na ulianza kupanda kutoka wapi?

Shuleni kwetu hesabu inafundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo a utaisikia ikiitwa *coefficient angulaire* na b *ordonnée à l'origine*. Kuna vitabu vinavyoandika y = mx + p. Usitishike, wageni ni wale wale wamebadilisha nguo. Na neno mteremko lisikuchanganye pia: tunalitumia hata mstari ukipanda. Ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia, a ni chanya. Ukishuka, a ni hasi. Daima tunasoma kutoka kushoto, kama maandishi.

Kwa hiyo swali lolote la aina hii, hata liwe refu namna gani, linakutaka utafute namba mbili. Jiulize: katika a na b, ipi nimepewa, ipi sijapewa?

Ukipewa vyote viwili

Mteremko ni 3, kikatio ni −4. Andika y = 3x − 4, endelea na maisha.

Ukipewa mteremko na nukta moja

Mstari una mteremko −3 na unapita kwenye nukta (2, 7). Hapa a unayo, b huna. Andika ulichonacho:

y = −3x + b

Nukta (2, 7) inasema kwamba x ikiwa 2, y ni 7. Basi ziingize mahali pake:

7 = −3 × 2 + b
7 = −6 + b
b = 13

Jibu: y = −3x + 13.

Watoto wengi wanafika kwenye b = 13 na kuweka kalamu chini. Hapana. Umeulizwa mlinganyo, na 13 si mlinganyo. Rudi juu, uandike mstari mzima.

Wengine mwalimu wao amewapa kanuni y − y₁ = a(x − x₁). Ni nzuri, inafika pale pale. Mimi naikwepa kwa wanaoanza kwa sababu moja: nukta ikiwa na namba hasi, alama mbili za kutoa zinagongana ndani ya mabano na hapo ndipo alama za mtihani zinapopotelea.

Ukipewa nukta mbili

Hii ndiyo inayokuja mara nyingi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Tuchukue (−1, 5) na (3, −3). Hujapewa a wala b, lakini umepewa vipandio viwili vya ngazi moja. Kutoka cha kwanza hadi cha pili, umepanda ngapi na umekwenda mbele ngapi?

Kupanda ni tofauti ya y: −3 − 5 = −8. Kwenda mbele ni tofauti ya x: 3 − (−1) = 3 + 1 = 4. Gawanya:

a = −8 ÷ 4 = −2

Sasa tumerudi kwenye hali ya juu, mteremko na nukta moja. Chagua nukta yoyote kati ya zile mbili, iliyo rahisi kwako. Nikichukua (−1, 5):

5 = −2 × (−1) + b
5 = 2 + b
b = 3

Jibu ni y = −2x + 3. Bado hujamaliza. Ile nukta ambayo hukuitumia ndiyo shahidi wako. Weka x = 3: −2 × 3 + 3 = −3. Nukta ilisema y ni −3. Shahidi amekubali. Kama angesema 9, ungejua kuna alama iliyoteleza mahali fulani, na ungeitafuta kabla msahihishaji hajaiona. Kazi hii inachukua sekunde kumi, na sijui kwa nini watu wanaona uvivu kuifanya.

Makosa ya hapa ninayajua kwa majina, kwa sababu niliyafanya yote. Nilipokuwa sekondari nilileta karatasi nzima ya milinganyo saba ambayo nilikuwa nimegawanya tofauti ya x kwa tofauti ya y. Saba, yote chali. Mwalimu hakuandika kitu ila mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, ambao, ukweli usemwe, nao ulikuwa mstari mnyoofu. Tangu siku hiyo nasema kwa sauti: kupanda kunakaa juu, kwenda mbele kunakaa chini. Sehemu ya juu ni y, kama vile y yenyewe inavyokwenda juu kwenye grafu.

Kosa la pili ni kuchanganya mpangilio. Ukianza na y ya nukta ya pili, lazima uanze na x ya nukta ya pili. Huwezi kupima kupanda kutoka chini kwenda juu, kisha kwenda mbele ukapime kutoka juu kwenda chini. Ukifanya hivyo namba inatoka sawa, alama inatoka kinyume, na mstari unaopanda unakuwa unashuka.

La tatu ni 3 − (−1). Kutoa hasi ni kuongeza. Andika mabano kila mara, hata kama unajiona umekomaa.

Mfano wa pesa

Tuseme kuna sekretaria karibu na chuo inayochapisha na kujalidi TFC (kazi za kumalizia masomo) za wanafunzi, lakini bei haikubandikwa ukutani. Mwanafunzi mmoja ana kurasa 40, amelipa faranga 6,000. Mwenzake ana kurasa 65, amelipa 8,500. Wewe una kurasa 52 na hutaki kuombwa zaidi. (Bei nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, usiende nazo mjini.)

Nukta zako ni (40, 6000) na (65, 8500). Kupanda: 2,500. Kwenda mbele: 25. Mteremko ni 100, maana yake kila ukurasa ni faranga 100. Kisha:

6000 = 100 × 40 + b
b = 2000

Mlinganyo: y = 100x + 2000. Kwa kurasa 52 ni 5,200 na 2,000, jumla 7,200.

Angalia kile kikatio. Hakuna aliyekuambia kwamba kujalidi kunagharimu 2,000, lakini risiti mbili zimekueleza. Ndiyo pesa ambayo ungelipa hata ukileta kurasa 0, jalada tupu. Wanafunzi wanaogawanya 6,000 kwa 40 na kusema "ukurasa ni faranga 150" wamesahau kwamba ngazi haikuanzia sakafuni. Wakizidisha 150 kwa 52 wanapata 7,800, wamejipunja faranga 600.

Kipimajoto cha jirani

Jirani yetu aliletewa kipimajoto na ndugu anayeishi Marekani. Usiku mmoja mtoto alikuwa na homa, kikasoma 102.2, na mama wa watu nusura azimie. Kule wanapima kwa Fahrenheit, sisi kwa Selsiasi. Kubadilisha moja kuwa nyingine ni mstari mnyoofu, na nukta mbili za kuupata kila mtu anaweza kuzikariri: maji yanaganda kwenye 0 Selsiasi, ambayo ni 32 Fahrenheit, na yanachemka kwenye 100 Selsiasi, ambayo ni 212 (hii ni kwa usawa wa bahari, huku kwetu milimani yanachemka kabla ya hapo kidogo).

Nukta (0, 32) na (100, 212). Kupanda 180, kwenda mbele 100, mteremko 1.8. Kikatio hakihitaji kutafutwa, maana nukta ya kwanza ina x = 0: ni 32. Basi F = 1.8C + 32.

Kwa mtoto wa jirani: 102.2 = 1.8C + 32. Toa 32, inabaki 70.2. Gawanya kwa 1.8, unapata 39. Homa kweli, ya kumpeleka kituo cha afya, lakini si ya kuandika wosia.

Mstari unaoshuka, na mlima Kahuzi

Hewa hupoa unapopanda mlima, kwa wastani digrii 6.5 hivi kwa kila kilomita moja ya kwenda juu. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kilele cha Kahuzi, mlima unaoipa jina nusu ya mbuga ya magorila ya Kahuzi-Biega, kiko mita 3,308. Tuseme ziwani kipimajoto kinasoma digrii 20. Kileleni je?

Mteremko umepewa: −6.5, hasi kwa sababu joto linashuka urefu ukiongezeka. Nukta ni (1.46, 20), tukipima kwa kilomita. Basi:

20 = −6.5 × 1.46 + b
20 = −9.49 + b
b = 29.49

T = −6.5h + 29.49. Weka h = 3.308: 6.5 × 3.308 ni 21.502, na 29.49 − 21.502 inaacha digrii 8 hivi. Chukua sweta.

Hapo b ni joto la mahali palipo sawa na bahari, kwa mujibu wa mstari huu. Lakini usimpigie simu mtu wa Muanda, kule pwani, kumwambia leo kwake ni digrii 29.49. Mstari haujui mawingu wala mvua ya Atlantiki. Unachukua kasi ya wastani na kuinyoosha, basi. Kuutumia karibu na pale ulipopima ni sawa, kuuburuta hadi mwisho mwingine wa nchi ni kujitafutia aibu.

Ukipewa grafu

Usikisie. Tafuta mahali pawili ambapo mstari unapita sawasawa kwenye kona za miraba ya daftari, si katikati ya mraba. Hizo ndizo nukta zako mbili, fanya kama juu. Kabla hujahesabu miraba, tazama namba zilizoandikwa pembeni mwa mihimili. Mara nyingi mraba mmoja wa y ni 5 au 10 huku mraba mmoja wa x ni 1, na aliyehesabu miraba tu anatoka na mteremko wa ajabu.

Mistari miwili migumu ambayo ni rahisi

Mstari uliolala, kama uso wa ziwa asubuhi, haupandi. Mteremko wake ni 0, na mlinganyo unabaki y = b. Kwa mfano y = 4.

Mstari uliosimama, kama ukuta, haukubali y = ax + b hata ukiulazimisha. Chukua (5, 1) na (5, 9). Kupanda ni 8, kwenda mbele ni 0, na kugawanya kwa 0 hakuna. Ukiona x mbili zinafanana, acha kanuni na uandike tu x = 5. Wala usiseme mteremko wake ni 0. Haupo. Ukuta na sakafu si kitu kimoja.

Sambamba na pembe mraba

Mistari sambamba ina mteremko mmoja. Mistari inayokatana kwa pembe mraba, ukiacha ukuta na sakafu, miteremko yake ukiizidisha unapata −1. Kwa nini −1? Chora ngazi inayokwenda mbele 2 na kupanda 3, kisha zungusha karatasi robo duara kuelekea kushoto. Kile kilichokuwa kwenda mbele 2 sasa ni kupanda 2, na kile kilichokuwa kupanda 3 sasa ni kurudi nyuma 3. Mteremko 3/2 umekuwa −2/3: umegeuzwa juu chini na kubadilishwa alama.

Swali la kawaida: tafuta mstari ulio sambamba na 3x − 2y + 4 = 0, unaopita (2, −1). Mtego uko wazi na bado unanasa watu kila mwaka: wanaona 3 mbele ya x na kusema mteremko ni 3. Namba iliyo mbele ya x ni mteremko pale tu ambapo y imesimama peke yake. Mpe nafasi kwanza:

2y = 3x + 4
y = (3/2)x + 2

Mteremko ni 3/2. Kisha −1 = (3/2) × 2 + b, yaani −1 = 3 + b, b = −4. Jibu: y = (3/2)x − 4. Wakitaka bila sehemu kama 3/2, zidisha kote kwa 2 na upange: 3x − 2y − 8 = 0.

Umeona kwamba 3x − 2y haikuguswa? Ndiyo njia ya mkato. Kwa sambamba, acha upande wa x na y ulivyo, weka c mahali pa namba ya mwisho, ingiza nukta. Kwa pembe mraba, badilishana hizo namba mbili mahali na ugeuze alama ya moja: 3x − 2y inakuwa 2x + 3y. Na nukta ile ile (2, −1): 2 × 2 + 3 × (−1) = 1, basi 2x + 3y − 1 = 0. Njia hii haina sehemu hata moja, na mimi naipenda kuliko zote.

Siku ya Exetat

Exetat ndiyo mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Maswali yake ni ya kuchagua jibu, na hilo ni zawadi. Mlinganyo sahihi lazima ukubali nukta zote ulizopewa. Tuseme mstari unapita (2, −1) na (4, 2), na umewekewa majibu haya: 3x + 2y − 4 = 0, au 2x − 3y − 7 = 0, au 3x − 2y − 8 = 0. Jaribu (2, −1). La kwanza: 6 − 2 − 4 = 0, limekubali. La pili: 4 + 3 − 7 = 0, nalo limekubali. La tatu: 6 + 2 − 8 = 0, pia. Aliyetunga swali alijua utajaribu nukta moja tu na kukimbia. Leta (4, 2): la kwanza linatoa 12, la pili −5, la tatu 0. Umemaliza bila kutafuta mteremko.

Lakini njia hii ni ya siku ya mtihani, saa imebaki kidogo. Nyumbani fanya kwa mkono. Haya manne yafanye leo jioni, umeme ukiwepo au usipokuwepo:

Mteremko 2, unapita (−3, 1). Unapita (−2, −1) na (4, 2). Unakatana kwa pembe mraba na y = 4x − 1, na unapita (8, 3). Unapita (−6, 2) na (−6, 10).

Majibu, kwa mpangilio: y = 2x + 7; y = (1/2)x, ambao kikatio chake ni 0; y = −(1/4)x + 5; na x = −6. Huo wa mwisho, ukiandika y = −6, rudi usome tena habari za ukuta.